Hesabu za maisha mwaka wa kwanza: mwongozo kamili wa kuanzia sifuri, hata kama kidato cha nne hesabu zilikukataa

Kila mwaka chuo kikifungua napokea darasa la watu ambao wengi wao hesabu waliiacha kidato cha nne, hata BAM (hesabu za kidato cha tano na sita) hawakuigusa, wamekuja kusoma utalii, ustawi wa jamii, ununuzi na ugavi, afu wanakuta kwenye ratiba kuna kozi ya hesabu za maisha na sura zinabadilika palepale. Siku ya kwanza siandiki kitu ubaoni. Naomba kila mtu atoe simu atafute meseji ya mwisho ya LUKU, na kama amepanga chumba na umeme ananunua mwenye nyumba basi amuombe jirani, tuanzie hapo. Nimefundisha hii kozi muda wa kutosha kuona kwamba wanaofeli siyo kwamba hawajui kuzidisha, simu inazidisha. Wanafeli kwa sababu wanashika namba bila kujua ni namba ya nini. Ukiondoka na kitu kimoja humu, ondoka na haya maswali mawili: hii namba kipimo chake ni nini, na hii asilimia ni asilimia ya nini.

Kununua, nunua kaunta buku moja na kalkuleta ya kawaida, ya simu pia inatosha. Tuanze.

HATUA YA 1: Andika kipimo kando ya kila namba

Usiandike 292, andika shilingi 292 kwa yuniti moja. Inaonekana kama utoto lakini hilo neno "kwa" ndo linakwambia ugawanye au uzidishe.

Chukua hiyo LUKU. Mteja wa kawaida wa T1 (kundi la bei la TANESCO) analipa shilingi 292 kwa yuniti, juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, jumla asilimia 22. Kwa hiyo yuniti moja mpaka inaingia kwenye mita ni 292 mara 1.22, yaani shilingi 356.24. Ukiwa na elfu kumi unagawanya, shilingi gawanya kwa shilingi-kwa-yuniti, shilingi zinakatana inabaki yuniti, unapata 28 na kidogo. Sasa mtu ananunua manunuzi ya kwanza ya mwezi anapata 23.9 anaanza kusema ameibiwa, kumbe imekatwa kwanza kodi ya jengo ya mwezi, shilingi 1,500, ndo 8,500 iliyobaki ikanunua umeme. Hesabu ni ileile, kilichobadilika ni hela iliyofika kununua. (Bei zikibadilika wewe tumia zilizopo kwenye meseji yako, njia haibadiliki.)

Endelea nayo hapohapo. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Pasi ya wati 1,000 ukinyooshea nusu saa ni nusu yuniti, kama shilingi 178. Feni ya wati 60 ikilala inazunguka masaa 10 ni wati-saa 600, yuniti 0.6, shilingi 214 kwa usiku, zidisha siku 30 ni kama 6,400 kwa mwezi. Joto la Februari Dar bila feni hulali, sikwambii uzime, nakwambia ujue unalipa nini. Zoezi la wiki ya kwanza ndo hili: pita chumbani kwako soma wati kwenye kila kifaa, kadiria masaa, jumlisha, linganisha na LUKU unayonunua. Ukitofautiana kwa asilimia 10 uko vizuri sana, ukitofautiana mara mbili kuna kitu umekosea kipimo au kuna mtu mnashea mita.

Na bumu (hela ya mkopo wa chuo) ni hivyohivyo. Ukipewa na Bodi ya Mikopo elfu kumi kwa siku ya chakula na malazi, laki sita ya siku 60 ikiingia kwa mkupuo haina maana kuiita laki sita, iite elfu kumi kwa siku. Siku ile ile ukitoa laki na themanini ya simu, zimebaki laki nne na ishirini, gawanya kwa 60, umejishusha mpaka elfu saba kwa siku, na humo kuna kula, nauli ya kwenda na kurudi, vocha na kodi ya chumba. Mtu akiiona 7,000 kabla hajalipa dukani ana nafasi ya kuamua vingine, na wengi huwa wanaamua vingine.

HATUA YA 2: Asilimia ya nini?

Hapa ndo watu wengi wanaangukia, so tulia.

Bidhaa imeandikwa 118,000 VAT ikiwa ndani. VAT ni ngapi? Darasa zima litapiga 118,000 mara 0.18 lipate 21,240. Siyo. Asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi, na 118,000 tayari ni asilimia 118. Gawanya kwa 1.18 upate 100,000, VAT ni 18,000. Tofauti 3,240 kwa risiti moja, sasa fikiria wewe ndo mhasibu na risiti ziko mia nne.

Mfano wa Kariakoo. Umechukua viatu kwa 20,000, ukaweka asilimia 50 juu, unauza 30,000. Biashara imelala, unabandika punguzo la asilimia 50 ukidhani unarudi pale ulipotoka. Nusu ya 30,000 ni 15,000, umepoteza 5,000 kwa kila pea. Ulipopandisha asilimia ilikuwa ya 20,000, ulipopunguza ni ya 30,000. Na hata kabla ya punguzo, yule anayesema "nafanya faida asilimia 50" na yule anayesema "asilimia 33" wanaweza kuwa wanaongelea kiatu kilekile, mmoja anagawanya 10,000 kwa bei ya mzigo, mwingine kwa bei ya kuuzia. Ukitaka kuingia ubia na mtu muulize hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya kichwani: toa asilimia 10 kwanza kwa kuondoa sifuri moja, nusu yake ni asilimia 5, humo unajengea karibu zote. Asilimia 15 ya 46,000? 4,600 jumlisha 2,300, ni 6,900. Fanya kumi kila siku ukiwa kwenye daladala, baada ya wiki mbili utaona mabadiliko.

HATUA YA 3: Hesabu za ngazi (mshahara na kodi yake)

Nasikia hii kila mara: "nimeongezewa mshahara nimevuka mstari sasa kodi itakula yote". Haiwezi kutokea, na sababu ni kwamba PAYE (kodi ya mshahara) inakatwa kwa ngazi. Bara ngazi za mwezi ziko hivi: mpaka 270,000 hukatwi. Kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8 ya kilichozidi 270,000. Mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Mpaka milioni ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, na juu ya milioni ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi milioni. Soma tena hilo "ya kilichozidi", ndo roho ya hii hatua.

Tufanye mmoja. Umeajiriwa kwa 800,000, mchango wako NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, na una deni la Bodi ya Mikopo.

Kwanza NSSF: 80,000. Inatoka kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 720,000. Pili PAYE: 720,000 iko ngazi ya asilimia 20, kilichozidi 520,000 ni 200,000, asilimia 20 yake ni 40,000, jumlisha 20,000, inakuwa 60,000. Tatu Bodi: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani ya 800,000 na siyo ya kilichobaki, ni 120,000. Mkononi unabaki na 540,000.

Mtu aliyepanga chumba na kuahidi nyumbani kwa kutumia 800,000 mwezi wa kwanza anaumia sana, na nimewaona wahitimu wangu wakiumia hivyo. Fanya hii hesabu kabla hujasaini mkataba wa kazi.

Ngazi hizohizo ziko kwenye umeme wa D1 kwa watumiaji wadogo: yuniti 75 za kwanza kwa mwezi shilingi 100, zinazozidi 350. Ukitumia 80 hulipi 80 mara 350. Unalipa 7,500 za zile 75 na 1,750 za zile tano, 9,250 kabla ya kodi. Ila ukizidisha mara kwa mara unahamishiwa T1, hiyo ni habari nyingine.

HATUA YA 4: Riba, na hapa tukae

Nusu ya muhula wangu naiweka hapa na sioni haya kusema hivyo. Kuna mama anauza chakula jirani na chuo, wanafunzi wangu wanakula kwake, siku moja akaniletea kadi ya mkopo nimsomee. Mkopo laki tatu, fomu elfu 15 inakatwa palepale, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Ameambiwa riba ni asilimia 30. Mitaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu na jina limekaa.

Tuipige polepole. Alizopokea mkononi: 285,000. Atakazorudisha: 13,000 mara 30, ni 390,000. Gharama ni 105,000. Gawanya kwa alizopokea, tayari siyo 30, ni karibu 37. Lakini bado hatujafika, maana hakukaa na 285,000 mwezi mzima, kesho yake tu alianza kurudisha, siku ya 15 ameshatoa 195,000. Alianza na 285,000 akamaliza na sifuri, kwa wastani hela ya mkopeshaji aliyokuwa nayo mkononi ni kama nusu, 142,500. Gawanya 105,000 kwa hiyo, ni zaidi ya asilimia 70 kwa mwezi. Ukipiga kwa njia ndefu inakuja zaidi ya asilimia 2 kwa siku. Kwa siku! Biashara ya wali na maharage haizai asilimia mbili kila siku baada ya mkaa, mchele na ushuru, kwa hiyo rejesho linatoka kwenye mtaji, mtaji unaisha, anakopa kwingine kulipa hapa. Hakuna uzembe wowote wa yule mama hapo.

Kwa hiyo ukiona mkopo wowote, hata wa kwenye simu, andika vitu vinne kwenye karatasi kabla ya kubonyeza kubali: nilizopokea mkononi, jumla ya nitakazorudisha, ni siku ngapi, na narudisha kidogokidogo au mara moja. Ile asilimia waliyokuandikia iache pembeni kwanza. Na ulizia leseni ya Benki Kuu, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka wakopeshaji wawe nayo.

Sasa benki na saccos. "Riba asilimia 18 kwa mwaka" inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Milioni moja na laki mbili, miezi 12. Aina ya kwanza riba inapigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo: asilimia 18 ni 216,000, jumla 1,416,000, rejesho 118,000 kwa mwezi. Aina ya pili riba inapigwa kwenye salio lililobaki: mwezi wa kwanza asilimia 1.5 ya 1,200,000 ni 18,000, ukilipa kama 110,000 basi 92,000 imepunguza deni, mwezi wa pili riba inapigwa kwenye 1,108,000 tu, inakuwa 16,620, inashuka hivyo mpaka mwisho, na riba yote ya mwaka inakuja kama 120,000. Asilimia ni 18 zote, tofauti karibu laki moja. Swali la kumuuliza afisa mikopo ni moja: riba inapigwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio? Kisha mwombe jedwali la marejesho ukalipige mwenyewe nyumbani.

Kuna njia ya mkato nzuri, ya 72. Gawanya 72 kwa asilimia ya riba upate muda wa hela kujizidisha mara mbili riba ikiwa inazaa riba. Ukiweka akiba kwa asilimia 6 kwa mwaka, miaka 12. Deni usiloligusa la asilimia 20 kwa mwezi, 72 kwa 20 ni 3.6, yaani chini ya miezi minne deni limekuwa mara mbili. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 24 hela uliyoficha chini ya godoro inanunua nusu.

Na upatu je? Watu 12, laki kila mwezi, kila mmoja anapokea milioni na laki mbili zamu yake. Hamna riba, ila wa kwanza amepata mkopo wa bure na wa mwisho amewakopesha wenzake mwaka mzima bila faida na bei za vitu zimepanda. Mimi napenda upatu, unafanya mtu aweke akiba ambayo peke yake asingeweka, lakini zamu zibadilishwe kila mzunguko. Hiyo ndo haki yake.

HATUA YA 5: Kiwanja, tofali na maji

Viwanja vingi huku Chanika, Chamazi, Kigamboni ndani ndani, vinauzwa kwa hatua za miguu. "Ishirini kwa ishirini, milioni nane." Hatua ya nani? Dalali mfupi au anayebana hatua, ya sentimita 75, ishirini zake ni mita 15. Kiwanja ni 15 mara 15, mita za mraba 225. Ulichodhani unanunua, mita 20 kwa 20, ni 400. Hatua imepungua robo lakini kiwanja kimepungua karibu nusu kwa sababu upungufu umeingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Ulidhani mita ya mraba ni 20,000, kumbe ni zaidi ya 35,000. Nenda na tepu ya kupimia, yake ni elfu chache tu.

Hata eka ya hatua 70 kwa 70 asili yake inaeleweka. Eka ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900, kwa hiyo hatua inatakiwa iwe yadi moja, sentimita 91, hatua ndefu kweli ya mtu mzima. Kwa hatua za 75 unapata mita za mraba 2,756 badala ya 4,047.

Vigae: boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 ni mita za mraba 1.44. Chumba cha 4 kwa 3.5 ni 14, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 15.4, gawanya kwa 1.44 ni 10.7, nunua 11. Hapa huwa unapandisha, hata ingekuja 10.1 ni 11. Tofali la sentimita 45 kwa 23, weka udongo wa sentimita 2, linachukua 47 kwa 25, kwa hiyo mita ya mraba ya ukuta ni tofali 8.5, usisahau kutoa milango na madirisha.

Maji: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 30 siku moja ya masika, ni lita 2,400, hata ukipoteza sehemu ya tano unajaza karibu lita 1,900. Tenki la lita elfu moja halitoshi.

HATUA YA 6: Mkeka

Vijana wangu wengi wanabeti, kwa hiyo nawafundisha uwezekano kupitia mkeka, yaani tiketi ya kubeti. Odi (dau linarudi mara ngapi ukishinda) za mechi moja: nyumbani 2.10, sare 3.30, ugenini 3.40. Gawanya moja kwa kila odi: asilimia 47.6, 30.3, 29.4. Jumlisha, 107.3. Matokeo yote ya mechi moja hayawezi kuzidi asilimia 100, hiyo 7.3 ya juu ndo chakula cha kampuni, inakula kabla mpira haujaanza.

Mkeka wa mechi kumi za "uhakika", kila moja tuseme ina nafasi ya asilimia 70 na odi 1.35. Zote kumi kutiki ni 0.7 mara yenyewe mara kumi, inabaki asilimia 2.8, mikeka mitatu kwa mia. Odi zote zikizidishwa zinalipa kama mara 20. Zidisha 0.02825 kwa 20,100 ya buku (elfu moja) yako: buku inarudi kwa wastani kama shilingi 568. Sitaji dini wala maadili darasani, naandika hiyo 568 ubaoni na kuiacha hapo mpaka kipindi kiishe.

HATUA YA 7: Wastani na foleni

Ofisi ya watu watano, mishahara 300,000, 350,000, 400,000, 450,000 na milioni sita ya bosi. Wastani milioni moja na nusu, na hamna hata mmoja anayepokea hivyo. Wapange kutoka mdogo kwenda mkubwa uchukue wa katikati, 400,000, huo ndo unaofanana na watu. Ukiambiwa "wastani wa mshahara hapa", uliza wa katikati ni ngapi.

Ila kuna mahali hata wa katikati hakusaidii. Rekodi safari yako ya Mbezi mpaka Posta asubuhi kwa siku 20, andika dakika tu, kisha zipange. Tuseme ya katikati ni dakika 65. Ukitoka dakika 65 kabla ya mtihani, nusu ya siku hizo utachelewa, maana katikati maana yake ndo hiyo, nusu ziko juu yake. Kwa mtihani au usaili chukua ya 18 kati ya zile 20, tuseme 95, toka kwa hiyo, hapo unachelewa mara mbili tu kati ya ishirini, na kama usaili ni wa kazi unayoitaka kweli, chukua ya 20 kabisa uongeze kumi za mvua.